Kadi Kwanza, Jedwali Baadaye

Mwalimu anayebandika jedwali la elementi ukutani siku ya kwanza na kuanza kulisoma kutoka kushoto kwenda kulia amewapa wanafunzi jibu kabla hawajapata swali. Watalinakili. Watakariri elementi 20 za mwanzo, kuanzia haidrojeni mpaka kalsiamu, kwa wimbo au kwa ile sentensi ya kuchekesha waliyorithi kwa kaka na dada zao, na siku ya mtihani wataandika 2:8:1 mbele ya sodiamu bila kukosea. Waulize kwa nini sodiamu imekaa chini ya lithiamu na si chini ya kaboni. Wengi watakujibu kwamba ndivyo ilivyo kitabuni.

Ushauri wangu ni kuugeuza mpangilio huo. Nawaambia walimu wa kidato cha kwanza na cha pili Tanzania, wenzao wa gredi ya 7 hadi ya 9 Kenya, na pia mzazi anayekaa na mwanawe jioni juu ya daftari. Vitabu vingi huanza na umbo la atomi, yaani kiini na elektroni zake, halafu jedwali linafuata. Historia ilikwenda kinyume. Dmitri Mendeleev alitoa jedwali lake mwaka 1869. Elektroni iligunduliwa 1897, na kiini cha atomi kikajulikana 1911. Aliyezipanga elementi hakujua lolote kuhusu protoni wala elektroni. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu kule St. Petersburg, anaandika kitabu cha kemia kwa wanafunzi wake, na elementi zilizojulikana wakati huo, 63, zilihitaji mpango ili kitabu kisigeuke orodha ndefu isiyo na kichwa wala miguu. Alichokuwa nacho ni tabia za vitu vyenyewe na uzani wake, na vilimtosha. Mtoto wa miaka 13 navyo vitamtosha. Akishalijenga jedwali kwa mikono yake, habari za ndani ya atomi zitamkuta ana swali linalomsumbua.

Kabla ya hapo, tenga kipindi kimoja kizima kwa ajili ya vitu. Weka mezani waya wa shaba, msumari, kipande cha mkaa, sufuria ya alumini iliyotoboka, sukari, chumvi, magadi, na mfuko mtupu wa mbolea. Uliza swali moja: kipi kati ya hivi kinaweza kuvunjwa kikatoa kitu kingine kilicho rahisi zaidi? Pasha sukari kwenye kijiko juu ya moto. Itayeyuka, itakuwa kahawia, itatoa mvuke, mwishowe itabaki nyeusi. Weusi huo ni kaboni, ndiyo iliyo kwenye mkaa, na ilikuwamo ndani ya sukari nyeupe muda wote. Sukari imevunjika. Mkaa hauvunjiki hivyo. Mwanafunzi makini atapinga, atasema mkaa ukiwaka unaisha na kubaki majivu, na pingamizi lake ni zuri, usilipite. Mwambie mkaa ukiwaka haugawanyiki, unaungana na oksijeni ya hewani na kuondoka ukiwa gesi. Majivu ni madini ambayo mti uliyanyonya ardhini.

Halafu fanya jaribio la magadi, ambalo kwangu lina thamani kuliko mchoro wowote wa atomi. Washa jiko la gesi la mtungi mdogo, mwali uwe wa bluu. Shika mwenyewe kijiko cha chuma cha zamani kwa kitambaa kinene, ukichome mpaka kisitoe rangi yoyote. Kikipoa, kiloweshe ncha, kichovye kwenye chumvi ya mezani, kisha kirudishe pembeni mwa mwali. Moto unageuka njano kali. Osha kijiko vizuri, kichome tena, na safari hii chovya kwenye magadi yaliyosagwa, haya haya ya kulainishia maharage, yanayotoka Ziwa Natron au Ziwa Magadi. Njano ni ileile. Nyamaza kidogo darasa lifikiri. Chumvi na magadi havifanani ladha, havifanani kazi jikoni, lakini moto umevitaja kwa rangi moja. Kuna kitu kimoja kimejificha ndani ya vyote viwili, na kitu hicho ni sodiamu. Mwanafunzi aliyeliona hilo ameshaelewa maana ya elementi, hata kama hajaandika neno.

Mfuko wa mbolea usome kwa pamoja. N, P na K ni nitrojeni, fosforasi na potasiamu, na watoto wa wakulima wamezisoma herufi hizo shambani kabla ya kuzikuta darasani. Watauliza kwa nini potasiamu inaandikwa K. Jibu fupi linatosha: alama kadhaa zimetoka kwenye majina ya Kilatini, ndiyo maana pia chuma ni Fe na dhahabu ni Au. Usilifanye somo zima.

Hapa lazima nitoe onyo. Ukifundisha Geita au mahali popote penye wachimbaji wadogo, kuna mtoto atakayejitolea kuleta zebaki kutoka nyumbani, kwa sababu ameiona ikinasa dhahabu. Mkatalie mbele ya wote na ueleze sababu: zebaki hutoa mvuke usioonekana hata bila kupashwa moto, na mvuke huo hudhuru ubongo na figo. Ikipashwa ili dhahabu ibaki, ndiyo hatari zaidi. Pengine hayo ndiyo maneno ya kemia yatakayofika mbali kuliko yote utakayosema mwaka huo. Betri za simu nazo zisifunguliwe.

Kuhusu udogo wa atomi, usipoteze muda kuandika sifuri nyingi ubaoni. Kila mwanafunzi achukue utepe wa karatasi wenye urefu wa A4, sentimita 29.7, aukate katikati, aweke nusu moja kando, nyingine aikate tena katikati, na aendelee hivyo akihesabu. Baada ya mara 8 amebaki na kipande cha milimita moja na kidogo. Baada ya mara 10 mkasi umeshindwa na darasa linacheka. Waambie kwamba wangeweza kuendelea, ingewabidi wakate mara 31 ndipo wafike kwenye upana wa atomi moja ya kaboni, na karatasi hiyo imejaa kaboni. Wengi hushangaa kwamba ni mara 31 tu. Wape nafasi wathibitishe wenyewe kwa kikokotoo, wagawe kwa mbili mara kwa mara. Hesabu ya kugawa kwa mbili ikiwafikisha kwenye atomi, hawataisahau.

Sasa kadi, na hapa usiwe na haraka. Tafuta vipindi viwili vinavyofuatana. Kata maboksi ya katoni vipande vya ukubwa wa kadi za karata, uandike kwa kalamu ya maka. Seti 12 zinatosha darasa la wanafunzi 60, watano watano. Chukua elementi 20 za mwanzo, lakini heliamu, neoni na agoni zifiche mfukoni, na haidrojeni iweke kando kwanza. Zinabaki 16. Kila kadi iwe na mambo matatu: uzani wa atomi, mwonekano wa elementi, na idadi ya atomi za haidrojeni au klorini ambazo atomi yake moja hushika. Kwa mfano: sodiamu, 23, metali laini inayokatika kwa kisu na kumenyuka na maji kwa nguvu, hushika klorini 1. Oksijeni, 16, gesi isiyo na rangi, hushika haidrojeni 2. Kaboni, 12, kigumu cheusi, hushika haidrojeni 4. Namba ya atomi usiiandike. Hiyo wataihitaji baadaye, na ni muhimu waihitaji kweli.

Waambie wazipange kadi kwa mstari mmoja mrefu kutoka nyepesi hadi nzito, kisha mmoja wao asome kwa sauti idadi za kushika. Zitasikika hivi: moja, mbili, tatu, nne, tatu, mbili, moja. Halafu tena: moja, mbili, tatu, nne, tatu, mbili, moja. Halafu: moja, mbili. Usiwaambie kuna mdundo. Subiri. Katika kila darasa yupo atakayeusikia na kupiga meza. Hapo ndipo uwaombe wakate ule mstari mrefu kila mdundo unapoanza upya, kipande kimoja kiwekwe chini ya kingine. Lithiamu, sodiamu na potasiamu zitajikuta zimesimama pamoja, na wakisoma maelezo ya mwonekano wataona zote tatu ni metali laini zinazomenyuka na maji. Florini na klorini zitakaa pamoja upande wa pili, zote gesi zenye sumu. Hakuna aliyewaambia kitabu kimesemaje.

Haidrojeni iliyowekwa kando waachie waigombanie. Inashika moja, kwa hiyo inaweza kukaa juu ya lithiamu au juu ya florini, na kila upande una hoja. Wanakemia wenyewe wamekuwa wakibishana kuhusu nafasi yake, basi usiwaharakishie jibu.

Kikundi kilichomaliza kiambie wote wafumbe macho, kisha uondoe kadi ya silikoni. Wakifumbua watabiri: kadi iliyopotea ina uzani gani, inashika ngapi? Jirani zake ni alumini yenye 27 na fosforasi yenye 31, kwa hiyo watasema 29 hivi, na itashika 4 kwa sababu iko chini ya kaboni. Warudishie kadi: uzani 28, inashika 4. Hapo sasa simulia habari ya Mendeleev, si kabla. Jedwali lake lilikuwa na mapengo, naye hakuyaona kuwa aibu. Mwaka 1871 alieleza kwa kina elementi ambazo zingekuja kuyajaza. Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran akagundua galiamu, akapima msongamano wake akapata 4.7. Mendeleev, ambaye hakuwahi kuigusa metali hiyo, akaandika kwamba inapaswa kuwa 5.9, na kwamba kipande kilichopimwa hakikuwa safi. Mfaransa akaisafisha, akapima upya, akapata 5.9. Mwaka 1886 ikapatikana jemaniamu, iliyo chini ya silikoni. Mendeleev alikuwa ametabiri uzani wa 72, ikapimwa ikawa takriban 72.6. Mwanafunzi aliyetoka kutabiri silikoni dakika tano zilizopita anasikiliza habari hii akiwa mhusika.

Kipindi kinachofuata toa zile kadi tatu mfukoni. Heliamu, 4. Neoni, 20.2. Agoni, 39.9. Zote gesi, zote hushika sifuri. Heliamu ina habari ya karibu kwa Watanzania, maana mwaka 2016 ilitangazwa kwamba imepatikana kwa wingi chini ya ardhi ya Rukwa. Agoni nayo ni karibu asilimia 1 ya hewa tunayovuta, na bado haikugunduliwa mpaka 1894, kwa kuwa haiungani na kitu. Heliamu na neoni zinaingia vizuri kabisa, safu mpya inafunguka mwishoni mwa kila mdundo na hakuna kilichovurugika. Agoni ndiyo tatizo. Uzani wa potasiamu ni 39.1. Kwa kufuata uzani, potasiamu itatangulia na kuangukia safu moja na neoni, na agoni, gesi isiyogusana na chochote, itaangukia chini ya sodiamu, pamoja na metali zinazowaka kwenye maji.

Waache hapo waumie kichwa. Wafuate uzani au wafuate tabia? Watagawanyika, na mabishano hayo ndiyo moyo wa mada nzima. Mendeleev alikutana na kitendawili cha aina hiyo kwa teluriamu na aiodini. Alifuata tabia, akidhani uzani wa teluriamu umepimwa vibaya. Nafasi aliiweka sawa, ila uzani haukuwa na kosa. Kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa kinazipanga elementi, na yeye hakuwa na njia ya kukiona.

Sasa ndipo wanafunzi wanahitaji kuingia ndani ya atomi. Chukua ubao mwepesi au kipande kipana cha katoni, gundisha chini yake kitu kidogo wasichokiona, uegemeze juu ya vizibo vya soda vilivyopangwa juu kwa juu mpaka gololi iweze kupita. Wapige gololi kutoka pande zote, wachore zinapoingia na zinapotokea. Nyingi zitapita moja kwa moja, chache zitarudi. Kutokana na michoro hiyo watakisia ukubwa wa kitu na mahali kilipo bila kukiona. Hans Geiger na Ernest Marsden, huyu wa pili akiwa bado mwanafunzi, walifanya jambo hilo Manchester mwaka 1909 kwa chembe za alfa na karatasi nyembamba ya dhahabu. Chembe moja kati ya maelfu ilirudi nyuma. Mkuu wao Ernest Rutherford akahitimisha mwaka 1911 kwamba karibu uzani wote wa atomi umekusanyika kwenye kiini kidogo mno. Atomi ingekuwa na ukubwa wa Uwanja wa Benjamin Mkapa, kiini kisingezidi punje ya harage katikati ya uwanja.

Miaka miwili baadaye kijana wa maabara hiyohiyo, Henry Moseley, alipima miale ya eksirei inayotoka kwenye elementi mbalimbali, akaona kuna idadi inayopanda moja moja kutoka elementi hadi elementi. Ni chaji ya kiini, ambayo leo tunaieleza kwa idadi ya protoni. Kwa hesabu hiyo agoni ni 18 na potasiamu ni 19. Kitendawili kimeisha. Moseley aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915 akiwa na miaka 27, na wanafunzi wanastahili kulijua jina lake. Waambie sasa waandike namba ya atomi kwenye kila kadi. Namba ambayo kitabuni ni kitu cha kukariri tu, wao wameipata kwa jasho.

Elektroni zitafuata bila taabu, kwa sababu mdundo bado unadai maelezo. Chora matabaka, 2:8:8, uwaombe wahesabu elektroni za tabaka la nje katika mstari wa pili: lithiamu 1, beriliamu 2, boroni 3, kaboni 4, nitrojeni 5, oksijeni 6, florini 7, neoni 8. Kadi zao zilisema moja, mbili, tatu, nne, tatu, mbili, moja, sifuri. Nitrojeni yenye 5 inapungukiwa 3 kufika 8. Oksijeni inapungukiwa 2. Watalipata wenyewe. Uwe mkweli pia kwamba mchoro wa duara ni msaada wa kuhesabia, kwamba elektroni hazizunguki kwenye njia zilizochorwa, na kwamba 2:8:8 haivuki kalsiamu. Wataambiwa zaidi wakifika mbele, na ukweli huo hauwavunji moyo.

Makosa mawili huota mizizi mapema. Moja ni kuchanganya atomi na seli, kwa kuwa vyote wameambiwa ni vidogo na vina kiini. Sema waziwazi kwamba seli moja ina matrilioni ya atomi. La pili ni kudhani atomi ya shaba ni nyekundu na ina ung'avu. Rangi na ung'avu ni mambo ya atomi nyingi zikiwa pamoja.

Kuhusu lugha, waache wabishane juu ya kadi kwa Kiswahili, hata pale mtihani unapotungwa kwa Kiingereza. Msamiati wa mtihani utapachikwa juu ya wazo lililokwisha kueleweka. Mambo yakienda kinyume, mtoto anabeba maneno matupu.

Kadi zikishamaliza kazi yake, jedwali kubwa lenye elementi 118 nalo lina kazi darasani. Chagua safu moja uitafutie maisha yake. Mimi ningechagua ya florini. Florini ndiyo iliyo kwenye maji ya visima vingi vya Arusha na Meru yanayotia meno rangi ya kahawia. Klorini iko kwenye dawa ya kutibu maji ya kunywa. Aiodini ndiyo madini joto yanayotiwa kwenye chumvi kuzuia rovu. Kule Kongo, mwanafunzi wa Kolwezi ana shaba na kobalti chini ya miguu yake, wa Manono ana lithiamu, na mwalimu wao aanzie hapo.

Mtihani nao ubadilike. Badala ya kuuliza mpangilio wa elektroni za magneziamu, toa swali hili: elementi X ina uzani wa 85.5, ni metali laini inayomenyuka na maji kwa nguvu sana, na atomi yake moja hushika klorini 1. Utaiweka safu gani, na kwa nini? Alama mbili ziwe za nafasi, tatu za sababu. Anayesema iko chini ya potasiamu kwa kuwa tabia zinafanana amefaulu. Anayeongeza kwamba kutoka 40 hadi 85 ni mruko mkubwa, na kuuliza ni elementi gani zilizopo katikati, mpe alama ya ziada, kisha mwelekeze kwenye chuma, shaba na zinki.